Sola ya Zamani, Sola Mpya



Ijumaa iliyopita niliamkia Makunduchi, kwa mama. Baada ya sala ya alfajiri, jua halijachomoza, nilichutama kwenye chumba kidogo cha nyuma na mita mkononi, mbele ya betri mbili za sola. Usiku kucha nilikuwa nimezizima. Hazichajiwi, hazitumiki. Betri ukiipima ikiwa kazini haikwambii kweli, kama mtu uliyemuuliza hali naye kabeba gunia kichwani. Nikaitenganisha moja na nyingine, nikagusa ya kwanza: volti 12.6. Nikagusa ya pili: volti 11.4.

Nikarudia, nikidhani mkono wangu umeteleza. Namba ni zile zile. Betri mbili za duka moja, zimenunuliwa siku moja, zimefungwa siku moja, na moja imekwisha. Na kwa kuwa ziliungwa kwa mfululizo, chanya ya huyu kwenye hasi ya yule ili zitoe volti 24, ile nzima ilikuwa inamburuta mwenzake kila usiku bila mtu yeyote ndani ya nyumba kujua. Wao walichokiona ni feni kuzima saa nane za usiku. Wakasema sola imekuwa ndogo, iongezwe.

Hilo ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Nyumba nyingi sasa zina sola ya miaka mingi juu ya bati, na kila nyumba inataka kuongeza: friza, pampu ya kisima, televisheni kubwa kuliko ya zamani. Paneli zimeshuka bei, betri za lithiamu zimejaa madukani. Fedha zipo, vifaa vipo. Kinachopotea ni ile asubuhi moja ya kukaa na kupima kilichopo kabla ya kwenda kununua kisichokuwepo.

Sisi wa Unguja tuna sababu zetu za kuipenda sola. Umeme wetu unatoka Bara, unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mei 2008 ulikatika, tukakaa kiza wiki kadhaa. Disemba 2009 ukakatika tena, haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, tukachota kwa ndoo, na moshi wa jenereta ukatanda Mji Mkongwe. Kebo mpya ya megawati 100 ililazwa, ikaanza kazi 2013, na hali ikawa afadhali. Lakini aliyelala kiza miezi mitatu hasahau. Marehemu baba hakusahau. Mwaka 2014 alifunga paneli nne za wati 150 kila moja, kontrola ya kuchajia ya ampea 40, betri mbili za jeli za ampea-saa 200, na inveta ya volti 24 yenye uwezo wa wati 1,500. Kwa wakati ule ilikuwa sola ya kujivunia. Watoto wa jirani walikuja kuchaji simu za wazee wao.

Mwaka huu dada yangu anataka friza yake iingie kwenye sola. Anauza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju kwa watoto wa skuli. Umeme ukikatika mchana, biashara ya siku nzima inageuka maji kwenye mfuko. Nikaenda kuuliza mafundi. Wa kwanza akasema: ng'oa vyote, funga mfumo mpya wa volti 48. Wa pili akasema: huna haja ya gharama hiyo, ongeza betri mbili tu uziunge na hizo ulizonazo.

La pili hilo tulishalifanya. Mwaka 2019 betri za kwanza zilipoanza kuchoka, fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, alituletea betri mbili mpya akaziunga sambamba na zile kuukuu. Mimi nilikuwepo, nikashika tochi, nikaona ni jambo la akili: nne ni nyingi kuliko mbili. Miezi ya mwanzo tulifurahi. Mwaka wa pili haukwisha, zote nne zikawa hoi, ikabidi tununue mbili nyingine, ndizo hizi nilizozipima. Nakumbuka niliweka kiganja juu ya moja ya zile za zamani usiku nikakuta ina joto, na ilikuwa haifanyi kazi yoyote. Lile joto lilikuwa ni jua la mchana lililokusanywa na betri mpya, likinyonywa na kuukuu.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Betri ya risasi, na jeli ni aina yake, ikizeeka haijai tena. Ukiifunga pamoja na mpya, kontrola haioni betri nne, inaona volti moja tu, volti ya mchanganyiko. Inachaji kwa kufuata mchanganyiko huo. Mpya haifiki kileleni, kuukuu inavuta chaji bila kushiba, na jua likizama, mpya inaendelea kumlisha mwenzake. Betri ya risasi ikikaa na njaa siku baada ya siku hujenga ukoko mgumu kwenye bamba zake, na ukoko huo ukishashika hauondoki. Ndani ya mwaka mpya inakuwa na umri wa ile ya zamani. Ongezeni na joto la chumba chetu: chini ya bati, bila dirisha. Betri ya risasi hupimiwa umri wake kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo zinaukata umri huo karibu nusu. Sisi tulikuwa tunaziunguza kwa pande mbili.

Na lithiamu je? Hapo kuchanganya ni kubaya zaidi. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ndiyo hii inayouzwa kwa ajili ya majumba, ina seli za volti 3.2. Seli 8 zinatoa volti 25.6, seli 16 zinatoa 51.2. Inapofanya kazi volti zake hazishuki polepole kama za risasi. Zinabaki pale pale mpaka karibu na mwisho, kisha zinaporomoka. Ukiifunga sambamba na betri ya jeli, lithiamu itafanya kazi yote, jeli itakaa inalishwa, na hakuna namba hata moja utakayoiweka kwenye kontrola ikawafaa wote wawili. Risasi ya maji inahitaji mara moja moja kuchemshwa kwa volti za juu, zaidi ya 30 kwenye mfumo wa volti 24. Lithiamu ukiipiga volti hizo, ulinzi wake wa ndani unajikata ghafla, na inveta inabaki inaning'inia kwenye umeme wa paneli peke yake.

Kwa hiyo msimamo wangu, na niko tayari kuutetea mbele ya fundi yeyote: kuongeza si lazima iwe kuunga. Betri mpya na ya zamani zinaweza kukaa nyumba moja, kila moja na paneli zake, kila moja na kazi yake. Paneli ndizo zenye uvumilivu. Paneli za zamani na mpya zinaweza kuchaji betri moja, ilimradi kila kundi lina kontrola yake na kontrola zote mbili zimepangwa volti zile zile. Zikutane kwenye betri, zisikutane juu ya bati.

Tuliangalie bati basi. Paneli za baba zina volti kama 18 zikifanya kazi, ziliungwa mbilimbili kupata 36. Paneli zinazouzwa sasa ni za wati 550, mtu mzima akizibeba peke yake upepo unampeperusha. Moja peke yake ina volti 41 au 42 kazini, na karibu 50 ikiwa haina mzigo. Geuzeni paneli mkasome nyuma, imeandikwa Voc. Sasa mtu akichukua paneli hiyo akaichomeka kwenye kontrola ya zamani, ile ya aina ya PWM, itawaka taa ya kijani na atadhani amefaulu. PWM haibadilishi volti, inafungua na kufunga tu. Paneli inatoa ampea 13, betri iko volti 26, zidisha: wati 338. Umelipia 550. Wati zaidi ya 200 zinabaki juani. Kontrola ya MPPT ndiyo inayogeuza zile volti za ziada kuwa ampea, na kwa paneli hizi kubwa si anasa, ni lazima.

Lakini MPPT nayo ina mpaka wake. Nyingi za madukani zimeandikwa volti 150. Jirani yetu mmoja alipiga hesabu: paneli tatu kwa mfululizo, 49.8 mara tatu, volti 149.4, imeingia. Nilimkamata mkono. Namba ile ya nyuma ya paneli imepimwa kwenye nyuzi 25, na paneli hupanda volti inapopoa, kiasi cha asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Makunduchi asubuhi ya Julai, nyuzi 20 tu, tayari ni volti 151 na zaidi. Mtu wa Lushoto au Makete, asubuhi ya nyuzi 10, atafika 156. Kontrola inakufa saa kumi na mbili na nusu, jua linapochungulia, betri haijaanza hata kuvuta. Na dhamana haitambui kifo cha namna hiyo. Mbili kwa mfululizo, volti 100, zinatosha na nafasi inabaki.

Sasa nirudi kwa fundi wa kwanza, yule wa volti 48. Hakukosea kabisa. Volti zikipanda, ampea zinashuka, na ampea ndizo zinazopasha waya joto. Wati 3,000 kwenye volti 12 ni ampea 250, waya wake mnene kama kidole. Kwenye 24 ni ampea 125. Kwenye 48 ni 62 na kidogo. Nyumba inayokwenda kwenye kiyoyozi, pampu kubwa na jiko la umeme, hiyo iende 48 na isiangalie nyuma. Lakini mama hana kiyoyozi. Ana inveta ya volti 24 iliyofanya kazi miaka yote hii bila kufunguliwa hata skrubu moja, na menyu yake inakubali kupangwa: volti za kuchaji, volti za kukata, na ile chemsha ya betri za maji unaweza kuizima. Inveta hiyo ndiyo iliyoamua. Tukabaki 24, na betri mpya ikawa ya volti 25.6. Nawaomba sana, kabla hamjaita kifaa takataka, kisomeni menyu yake mpaka ukurasa wa mwisho.

Tulikaa barazani na karatasi. Friza nilikuwa nimeipima siku mbili kwenye umeme wa kawaida kwa kale kamita ka kuchomeka ukutani: yuniti 1.2 kwa siku, yuniti zile zile tunazonunua kwenye TUKUZA. Feni mbili usiku kucha, yuniti 0.8. Televisheni, robo. Taa na simu, robo nyingine. Jumla 2.5. Paneli mbili mpya ni wati 1,100, jua letu la kuhesabika ni kama saa 5, ukitoa hasara za joto, vumbi na nyaya unapata karibu yuniti 3.8 kwa siku nzuri. Mama akauliza swali ambalo fundi hakuuliza: "Na masika?" Masika inakata nusu, siku nyingine zaidi. Wauzaji wanapiga hesabu za kaskazi, jua la Januari. Hesabu ya kweli ni ya Aprili. Betri ya ampea-saa 200 kwenye volti 25.6 ina yuniti 5.1, ukitumia asilimia 80 unabaki na nne. Usiku wa mvua utapita, wa pili utapita kwa taabu, na wa tatu inveta itachukua umeme wa serikali. Kwa nyumba iliyo na mita ukutani sioni ubaya. Asiye na mita aongeze paneli, kwanza paneli, kabla ya kuongeza betri, kwa sababu betri kubwa isiyo na wa kuijaza ni tangi lisilo na bomba.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mita haikulionesha. Nilikaa uani mpaka alasiri nikitazama bati. Saa tisa na robo kivuli cha mwembe kikapanda juu ya paneli mbili za baba. Mwaka 2014 mwembe huo ulikuwa haujafika kwenye paa. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, iliyo kivulini inazibana zote za mstari wake, kama bomba lililokanyagwa sehemu moja. Kumbe miaka kadhaa sasa, kila siku alasiri, tunapoteza nusu ya sola na tunailaumu betri. Nikamwambia mama tukate matawi. Akasema mwembe ule kaupanda baba yenu, hakati mtu kitu. Nikanyamaza.

Paneli mpya tukazifunga upande wa pili wa bati, zinatazama kibla. Kwetu hapa kibla ni kaskazini karibu kabisa, na tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, basi paneli huelekezwa huko huko tunakoswali, na mwinamo mdogo tu, nyuzi 10, wa kuwezesha mvua kuziosha. Hewa ya bahari ina chumvi. Soketi za zamani za nyaya nilizikuta zimeota ukungu wa kijani ndani, shaba inaliwa. Nilizikata zote nikafunga mpya. Msitie soketi ya kampuni moja kwenye soketi ya kampuni nyingine hata kama zinaingiana. Zinaingia lakini hazikazi vizuri, na mahali pasipokaza ndipo panapoungua.

Na breka. Hili nalisema polepole. Breka ya umeme wa kawaida wa nyumbani msiiweke kwenye waya wa paneli. Umeme wa ukutani hushuka mpaka sifuri mara 100 kila sekunde, hapo ndipo cheche ya breka inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli haushuki. Breka isiyo yake ikifunguka, cheche inabaki inawaka kati ya meno yake, mfululizo, mpaka plastiki iyeyuke na ukuta ushike moto. Nunueni iliyoandikwa DC, yenye volti zinazozidi za mstari wenu, na iwapo imewekewa alama ya chanya na hasi, zifuateni. Kwenye betri wekeni fyuzi, karibu na betri yenyewe, kabla waya haujaenda popote. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inatoa ampea za kuchomelea vyuma. Na paneli haina swichi: mchana ikiwa juani iko hai. Sisi tulizifunika kwa makhanga mazito mawili tulipokuwa tunaunga, mama akayatoa mwenyewe kabatini.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya wahandisi. Mimi nawaambia waende Kaskazini Unguja, kwenye kituo cha Barefoot College, wakaone wanawake wa vijijini, wengine hawakumaliza skuli, wanavyojifunza kuunda na kutengeneza vifaa vya sola kwa kusoma rangi za vipande vidogo vidogo na kushika pasi ya kulehemia. Kuzidisha volti kwa ampea si siri ya mtu.

Mpangilio wa nyumba ya mama sasa uko hivi. Lithiamu mpya, paneli mbili mpya na MPPT yao, kwenye inveta ya baba: friza, feni, televisheni. Ile betri ya jeli iliyopima 12.6 sikuitupa. Imebaki peke yake, volti 12, na paneli mbili za zamani ambazo hazikufikwa na kivuli, kwenye kontrola ile ile ya 2014, ambayo inaitambua volti 12 yenyewe ukiiunga upya. Inawasha taa za ndani na kuchaji simu, basi. Njia zake hazigusani na za lithiamu mahali popote. Usiku friza ikimaliza chaji yote, taa hazizimi. Betri zote mbili zimehamishiwa ukumbini, kwenye sakafu ya saruji, mbali na bati. Ile iliyokufa ilipelekwa kwa wanunuzi wa betri kuukuu ikiwa nzima. Risasi ni sumu, msiwaache watoto waipasue kutafuta ya kuzamishia nyavu.

Paneli mbili zilizokuwa kivulini tuliziteremsha, tukazipeleka chuoni kwa maalim wa watoto, ambako hakuna mti. Zina miaka yao, lakini nilizipima mchana zikatoa karibu ampea 8 kila moja, na zilipotoka kiwandani zilikuwa zinatoa 8.3.

Mwembe upo pale pale. Saa tisa na robo kivuli chake kinaangukia bati tupu, na mama huutandika mkeka wake chini, dada akimletea barafu ya ubuyu.